Mgeni Asiyeandikishwa

Mabinti wa hosteli ile walimwita Mama Kufuli, na jina lenyewe halikumkera. Alikuwa matroni wao kwa miaka mingi, mwanamke mfupi, mnene wa kadiri, mwenye bunda la funguo kiunoni lililofika kila mahali kabla yake. Ukisikia mlio wake kwenye ngazi unazima muziki, unasukuma jiko la umeme chini ya kitanda, unafungua kitabu chochote kilicho karibu. Kila mwaka wanafunzi wapya walipopokelewa, yeye ndiye aliyesimama mbele akawasomea kanuni za usalama kwa sauti ya kutoa amri. Mgeni haingii bila kuandikishwa getini. Mgeni wa kiume havuki chumba cha mapokezi. Anayetishwa, hata kama ni kwa ujumbe wa simu tu, atoe taarifa, na mtumishi anayeipokea aifikishe ofisi ya ulinzi siku hiyo hiyo.

"Siku hiyo hiyo," alikuwa akirudia, kidole juu. "Sio kesho. Kesho ni ya wavivu."

Alhamisi moja mchana, akiwa ofisini kwake anakunja mapazia yaliyotoka kufuliwa, mlango uligongwa akaingia msichana ambaye wenzake walimwita Twiga kwa urefu wake. Alikuwa mwaka wa pili, anasomea upimaji wa ardhi, binti mchangamfu wa kupita akisalimia hadi wafagiaji. Siku hiyo hakusalimia.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai, Mama. Nikikaa nitalia."

Akaweka simu yake mezani. "Soma."

Mama Kufuli alivaa miwani, akasoma. Ujumbe wa kwanza ulisema: *Nimekuona na gauni la bluu. Umependeza. Umempendezea nani?* Wa pili: *Umebadilisha namba kwa ajili yangu? Usijisumbue.* Wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile: *Hosteli yenu ina lango moja tu. Mimi nina subira.*

"Nani huyu?" aliuliza, ingawa alikwisha kuhisi jibu.

"Ni Chaji, Mama. Kijana wako."

Chaji alikuwa mtoto wa kaka yake. Mama mzazi alifariki mtoto hajamaliza kuota meno, kaka mtu akahamia mbali kikazi na kuoa huko, na yule mtoto akaletwa kwa shangazi na kibegi kimoja na kikohozi. Mama Kufuli hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamkesha na surua. Sasa alikuwa kijana mtanashati, mwenye kibanda cha kutengeneza simu nje ya lango kuu la chuo, na nusu ya wanafunzi walipeleka simu zao kwake. Twiga alipeleka yake, wakapendana, wakaenda hivyo miezi kadhaa, kisha binti akasema basi. Hayo Mama Kufuli aliyajua. Alidhani yameisha.

"Nataka ifike ofisi ya ulinzi," Twiga alisema. "Nimeanza kwako kwa sababu ndiyo utaratibu. Na kwa sababu ni wako."

"Niachie mimi."

"Mama..."

"Niachie mimi, nimesema. Nitaongea naye leo leo. Kijana yule kuua mende ni mtihani kwake. Mapenzi yakivunjika vijana hubwabwaja, ndivyo walivyo. Tukimpeleka kwa watu wa ulinzi wataita polisi, na hapo maisha yake yameharibika kwa maneno ya simu."

Twiga alimtazama. Kisha akatazama ukutani nyuma ya mgongo wa matroni, zilipobandikwa kanuni zile zile ndani ya fremu, akachukua simu yake.

"Sawa, Mama," alisema, kwa sauti isiyokuwa na kitu ndani yake.

Jioni, baada ya chakula, Mama Kufuli alimkalisha kijana. Kwanza Chaji alicheka. Halafu akawa anachora duara kwa kidole juu ya meza. Halafu machozi yakamtoka, yale machozi yake makubwa ya tangu utotoni ambayo shangazi hakuwahi kuyaweza.

"Nimekosa, shangazi. Zilikuwa hasira tu. Sitamtumia ujumbe tena."

"Niapie."

"Haki ya Mungu tena."

Akasimama, akakusanya vyombo, akaviosha na kuvifuta kimoja kimoja, akambandikia shangazi yake maji ya kuoga. Akiwa amempa mgongo, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Na yuko chumba kile kile? Nilisikia amehama."

"Ahame aende wapi? Yuko pale pale," Mama Kufuli alijibu, akalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya mahafali. Tangu asubuhi chuo kizima kilimiminikia uwanjani: wazazi waliovaa nguo za heshima, wapiga picha, mashada ya plastiki, watoto waliokwisha kuchoka kabla ya shughuli kuanza. Mgeni rasmi alikuwa mtu mzito, kwa hiyo mkuu wa ulinzi wa chuo aliwachomoa walinzi kwenye majengo akawapanga kulizunguka jukwaa, bega kwa bega na askari polisi waliokuja na bunduki. Hosteli ya wasichana ilibakiziwa mlinzi mmoja tu, bwana mmoja aliyeitwa Sajenti kwa ule mwendo wake wa kukakamaa, ingawa jeshini hakuwahi kufika hata kama mgeni.

Mama Kufuli alilalamika kwa simu. "Jengo zima hili na mtu mmoja?"

"Mama, leo nani atakuja hosteli?" mkuu wa ulinzi alimjibu, nyuma yake matarumbeta yakijaribiwa. "Watu wote wako huku."

Kweli, jengo lilikuwa kimya. Wachache tu walikuwa wamebaki, na mmoja wao alikuwa Twiga, aliyekuwa na ramani ya kukabidhi Jumatatu. Mama Kufuli alimwona asubuhi akipanda na chupa ya maji. Binti alimwamkia kwa adabu, akapita.

Kama mchana hivi, mabomba ya juu yalianza kukohoa hewa, naye akaenda nyuma ya jengo kufungulia maji ya tangi. Koki ilikuwa imeshika kutu. Alihangaika nayo hadi mikono ikawaka, ikakubali, akarudi mbele akijifuta kwa kitambaa. Sajenti alikuwa mezani pake karibu na lango, kiredio sikioni, anasikiliza hotuba za uwanjani.

"Umepata nafuu, Mama?"

"Nafuu ya nini? Nilikuwa naumwa?"

"Si mwanao amekuletea dawa za presha? Kasema umezisahau nyumbani, umempigia simu azilete mbio. Nikamwambia pita. Mtoto wa nyumbani huyo, nimwandikishe wa nini?"

 Dawa za Mama Kufuli zilikuwa ndani ya mkoba, ofisini, na kidonge cha asubuhi alikwisha kukimeza kwa chai. Akakitupa kitambaa mezani.

"Amepita lini?"

"Muda kidogo. Hamjakutana?"

Kitufe cha king'ora kilikuwa ukutani, chekundu, ndani ya kiboksi cha kioo, hapo hapo kati yao. Mkono wake ulinyanyuka ukafika nusu ya njia. Akakiona kitakachofuata: polisi wale wa uwanjani wakija mbio na bunduki, hawamjui nani ni nani, wanamkuta kijana ndani ya hosteli ya wasichana. Mtoto wake. Mkono ukashuka.

"Kaa hapo," alimwambia Sajenti. "Asiingie mtu, asitoke mtu."

"Kuna nini, Mama?"

"Kaa hapo!"

Akazivua funguo kiunoni, akazifumbata zisilie. Alipanda ngazi zile kimyakimya kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, magoti yakimpigia kelele yeye peke yake. Njiani alijaribu kumpigia Twiga. Simu ilikuwa imezimwa. Ghorofa ya kwanza hakukuwa na mtu, chupi tu kwenye kamba na harufu ya sabuni. Ghorofa ya pili mlango mmoja ulikuwa wazi, msichana amelala na vipokea sauti masikioni. Mama Kufuli aliuvuta mlango ule ukafunga, akaendelea kupanda.

Alipofika ngazi za mwisho alisikia sauti ya mtu anayeongea polepole, kwa upole, kama anayembembeleza mtoto ale.

"...Sikuumizi. Ningetaka kukuumiza si ningekwisha kukuumiza zamani? Nataka tukae, uniangalie usoni, uniambie. Basi. Tazama unavyonifanya nibomoe mlango kama mwizi."

Ghorofa ya tatu vyumba vilifunguka kwenye varanda ndefu yenye reli ya chuma, inayotazama uani. Mwisho kabisa wa varanda, mbele ya chumba cha Twiga, Chaji alikuwa amechutama vile vile anavyochutama kibandani kwake. Alikuwa ametandika leso sakafuni, na juu ya leso skrubu zilikuwa zimepangwa kwa safu. Bisibisi ilikuwa mkononi. Alikuwa anakifungua kitasa, skrubu baada ya skrubu, bila haraka yoyote. Kutoka ndani ulisikika mkwaruzo wa kitu kizito kinachosukumwa kuelekea mlangoni.

"Mwanangu," Mama Kufuli alisema.

Hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Aligeuza kichwa tu, kama aliyeletewa chai.

"Shangazi. Umepandaje ngazi zote hizo na magoti yako?"

"Simama, twende nyumbani."

"Nikimaliza." Alipuliza vumbi kwenye tundu la skrubu. "Mafundi wenu wavivu sana. Kitasa cha chumba cha kulala watu unakifungia skrubu kwa nje? Mtu yeyote anafungua."

"Uliniapia."

"Niliapa sitamtumia ujumbe. Nimemtumia? Muulize."

Mama Kufuli alipaza sauti. "Twiga! Uko salama?"

"Mama!" Sauti ilitoka ndani ikiwa nyembamba, si ya msichana aliyemzoea. "Mama, usimpe ufunguo! Usimfungulie!"

Mpaka wakati ule Chaji hakuwa amefikiria funguo. Mama Kufuli aliona wazo linavyomwingia. Macho yalishuka kutoka usoni pake hadi kwenye ngumi aliyoifumbata, yakatulia hapo. Kijana akainuka. Alikuwa anampita shangazi yake kichwa kizima, jambo ambalo mwanamke yule alikuwa akilijua miaka yote bila kulihisi.

"Nipe basi, tusiharibu mlango wa watu."

"Sikupi."

"Nitaongea naye mbele yako, shangazi. Wewe utakuwepo. Mambo ya kistaarabu."

Hapo palipita kitambo ambacho baadaye aliona haya kukikumbuka. Neno lile lilimwingia. Aliona jinsi ambavyo angefungua mlango, akakaa katikati yao, wakasemezana, wakalia, yakaisha, na Jumatatu kila mtu akaenda kazini kwake na hakuna aliyejua. Akamtazama usoni amtafute yule mtoto wa surua. Chaji hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama funguo zilizochomoza kati ya vidole vyake, anachagua ule unaofungua milango yote. Na bisibisi alikuwa hakuishika tena kama fundi.

Mama Kufuli akazungusha mkono, akalirusha bunda zima nje ya reli.

Lilianguka uani kwa kishindo kilichozunguka kuta zote. Akaegemea reli akaita kwa sauti yote aliyojaliwa.

"Sajenti! Piga king'ora!"

Sajenti alichomoza, akatazama funguo chini, akatazama juu. "Mama? Si yuko na wewe hapo, mwanao?"

"Piga king'ora! Ameingia kuua mtu!"

Kinywa chake mwenyewe kilisema hivyo. Kofia ya Sajenti ikapotea chini ya paa la varanda. Kwa mbali bendi ilikuwa inapiga wimbo wa furaha wa kuwasindikiza wahitimu jukwaani.

"Umesema nini?" Chaji aliuliza taratibu. "Mimi naua watu? Wewe ndiye unasema hivyo?"

King'ora kikalia.

Kilikuwa kikali kuliko alivyokikumbuka kwenye mazoezi, kikajaa jengo kama maji. Chaji aliugeukia mlango akaupiga bega. Kitasa kilichobakiwa na skrubu moja kikang'oka, mlango ukafunguka nusu ukagota kwenye meza iliyosukumwa nyuma yake. Akapiga tena. Nafasi ikaongezeka, akapenyeza bega, kisha mkono wenye bisibisi. Mama Kufuli alimrukia kwa nyuma akamshika mkanda wa suruali kwa mikono yote miwili, akajibwaga sakafuni na uzito wake wote. Uzito wake uliotaniwa na kila binti wa hosteli ile uling'ang'ania pale. Kijana alimpiga kiwiko, mara ya kwanza kwenye bega, mara ya pili mkono wa shangazi ukabanwa kwenye chuma cha reli na kitu ndani ya kiganja kikavunjika kwa sauti aliyoisikia juu ya king'ora. Hakuachia.

"Niachie, shangazi!"

"Siachii!"

Ndani, Twiga alikuwa amesimama juu ya kitanda na stendi ya kupimia ardhi, ile ya miguu mitatu yenye ncha za chuma. Aliinua akashusha. Chaji alipiga yowe. Bisibisi ikaangukia ndani ikabingirika chini ya meza. Twiga aliinua tena akashusha tena, na tena, huku analia na kusema maneno yasiyoshikana, hadi mkono ule ukatoka.

Buti zikasikika kwenye ngazi, nyingi. Walinzi na polisi walimvamia kijana wakamlaza kifudifudi, goti mgongoni.

"Msimpige!" Mama Kufuli alipiga kelele akiwa chini. "Mshikeni tu! Msimpige!"

Mmoja alikuwa amekwisha kuinua kirungu. Alimtazama mwanamke yule mwenye nywele zilizofumuka na mkono uliopinda, akakishusha.

Walipomwinua Chaji hakumtazama Twiga kabisa. Alisimama mbele ya shangazi yake, vumbi kwenye shavu, anahema.

"Baba umwambie mwenyewe," alisema. Wakamteremsha.

* * *

Zahanati ya chuo ilimfunga mkono kwa plasta ngumu. Alikuwa bado amekaa ukingoni mwa kitanda cha wagonjwa mkuu wa ulinzi alipoingia, tai yake ya sherehe imelegea, jasho limemlowanisha kola. Alifunga mlango kabla ya kusema.

"Pole, Mama."

"Yule binti yuko wapi?"

"Yuko na mshauri wa wanafunzi. Hajaguswa hata ukucha." Alivuta kiti, akakaa karibu mno. "Mama, nisikilize. Simu ya dharura ililia ofisini kwangu kabla ya king'ora. Ni yeye aliyepiga, aliiwasha simu yake akapiga mara kadhaa. Ofisi ilikuwa tupu. Wote nilikuwa nimewatoa."

Mama Kufuli alimtazama. Bwana yule alikuwa mtu mkubwa wa mwili, aliyezoea kuongea akiwa amesimama. Sasa alikuwa anazungusha kofia yake magotini.

"Mimi nina la kujibu," aliendelea, "na wewe nahisi unalo. Sitaki kujua ni lipi. Ninachosema ni hiki: kijana alimdanganya mlinzi, akaingia, wewe ukamzuia. Limetokea ghafla. Nani alijua? Hakuna aliyejua. Tukisimama hapo wote wawili, hakuna wa kutupata."

Nje wahitimu walikuwa wanapita wakiimba. Mama Kufuli aliyapima maneno yale, na kusema kweli yalikuwa matamu. Angerudi hosteli na plasta yake kama shujaa. Mabinti wangemletea juisi. Kisha akamwona Twiga akichukua simu mezani, Alhamisi ile, na ile "Sawa, Mama" iliyokuwa tupu.

"Mimi nilijua," alisema.

"Mama."

"Alhamisi. Aliniletea ujumbe wenyewe nikausoma kwa macho yangu, akaniomba niupeleke kwako. Nikamwambia aniachie mimi. Andika hivyo. Na la simu yako utaandika mwenyewe, mimi sitakuandikia."

Mkuu wa ulinzi aliinuka, akavaa kofia yake. Akatoka, wala hakuubamiza mlango.

Siku ya pili yake alimtafuta Twiga. Alimkuta kwenye ujia wa jengo la utawala, begi miguuni, dada yake mkubwa aliyekuja kumchukua amemshika mkono. Mama Kufuli alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalimtoka.

"Mwanangu, nimekuja..."

"Alijuaje?" Twiga alimkatiza.

"Kujua nini?"

"Chumba changu. Kabla hata sijakuletea ule ujumbe, niliwaomba wenzangu waeneze kwamba nimehamia ghorofa ya kwanza. Wote walisema hivyo, hata wanaopeleka simu kwake. Alikuja moja kwa moja ghorofa ya tatu. Alijuaje?"

Dada mtu naye alikuwa anamtazama. Mama Kufuli alihisi plasta ikimbana kana kwamba mkono umevimba upya.

"Mimi ndiye niliyemwambia," alisema. "Aliniuliza nikiwa sina habari, nikamjibu."

Twiga hakulia wala hakutukana. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu ambaye hesabu yake imekubali hatimaye, akainua begi, akaondoka na dada yake. Mama Kufuli alibaki pale hadi mfagiaji alipomwomba asogee.

Kwa kaka yake alipiga simu mwenyewe, kama alivyoambiwa. Alieleza yote bila kutia chumvi na bila kupunguza. 

"Nilikupa mtoto umlee," kaka alisema mwisho. "Sikukupa umpeleke jela."

"Kaka, angemuua yule binti."

"Mlango ulikuwa mmoja, shangazi mtu uko mbele yake, na mtoto ni wako. Umeshindwa kumtuliza mpaka uite bunduki?"

Akakata. Mke wake ndiye aliyepokea simu zote zilizofuata, akasema bwana yupo kazini, hata Jumapili.

Kamati ya chuo ilikaa. Walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru kwa ukweli wake, wakamvua umatroni. Alipelekwa stoo kuu, kwenye magodoro na ndoo. Sajenti alihamishiwa lango la shamba la chuo. Mkuu wa ulinzi alipewa onyo, na kanuni zikaongezwa vipengele: simu ya dharura ibebwe mkononi na mtu wa zamu wakati wote, sherehe isichomoe walinzi hosteli, na lalamiko linalomhusu ndugu wa mtumishi lisipokewe na mtumishi huyo. Vitasa vilibadilishwa jengo zima. Fundi aliyevibadilisha alimsalimia Mama Kufuli alipokuja stoo kuchukua ngazi, akamwita kwa jina lake halisi, na yeye akachelewa kuitika.

Mara mbili alikwenda mahabusu na sabuni na nguo safi. Mara ya kwanza Chaji alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka, akakaa ng'ambo ya wavu, akatazama ukuta hadi muda ukaisha. Alikuwa amekonda. Kwenye mgongo wa mkono wake wa kulia palikuwa na kidonda ambacho kilikuwa bado hakijakauka vizuri.

Siku ya kesi, kaka yake alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya chumba cha mahakama, mvi zimemjaa, koti limewekwa nafasi ya pembeni. Mama Kufuli alisimama mbele ya benchi.

"Shikamoo, kaka."

Kaka mtu alitazama buti za askari waliokuwa wanapita. Baada ya muda akaitika, kwa sauti ya chini sana, lakini koti hakuliondoa. Mama Kufuli akaenda kusimama ukutani.

Twiga aliitwa kwanza. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mgongo umenyooka. Alipita karibu na Mama Kufuli, akasita kidogo, akasema, "Wanauliza taratibu, Mama. Usiogope." Kisha akaenda zake kabla hajajibiwa.

Halafu karani akamwita yeye.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, chenye feni iliyozunguka kwa kusuasua. Chaji alikuwa kizimbani, ameinamisha kichwa. Kaka alikuwa ameingia, amekaa nyuma kabisa. Mama Kufuli aliapishwa, kisha mwendesha mashtaka, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, akamuuliza kazi yake, halafu akauliza:

"Una uhusiano gani na mshtakiwa?"

"Ni mtoto wa kaka yangu. Nimemlea mimi."

Kizimbani kichwa kiliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu varandani kijana alimtazama, na macho yalikuwa yale yale ya kuomba, ya miaka yote. Mama Kufuli aliyaona. Alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa mkono wake mzima.

"Tueleze ulichokiona siku ya Jumamosi," mwendesha mashtaka alisema.

"Nitaeleza," Mama Kufuli alijibu. "Lakini naomba nianzie Alhamisi."